Sura ya Sita: Bakteria Hawaondoi Chumvi

Kata ya Isansa, katika Wilaya ya Mbozi, haina tatizo la chumvi. Inafaa hilo lisemwe mwanzoni kabisa mwa sura inayohusu bakteria wanaousaidia mmea kustahimili chumvi, kwa sababu biashara ya pembejeo imezoea kumuuzia mtu dawa ya ugonjwa wa jirani yake. Isansa iko juu, kwenye uwanda wa Mbozi, nchi ya kahawa, mahindi na maharage. Mvua yake hupita milimita elfu moja kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Mei. Mvua ya namna hiyo, ikinyesha miaka nenda miaka rudi juu ya udongo unaopitisha maji, huosha kila kinachoyeyuka. Sodiamu huondoka, lakini kalsiamu na magnesiamu huondoka nayo, na nyuma hubaki udongo wenye tindikali, ambamo chuma na alumini huikamata fosforasi kiasi kwamba mizizi haiifikii. Miaka ya kumwaga mbolea za amonia na urea bila chokaa imeongeza tindikali hiyo. Mkulima wa Isansa ambaye maharage yake yamedumaa na kuwa ya manjano ana kila sababu ya kutafuta msaada, ila pakiti iliyoandikwa kwamba inapambana na chumvi haitamfaa.

Yale yaliyooshwa juu, hata hivyo, hayakutoweka. Sehemu kubwa ya maji ya uwanda huo huteremka kaskazini, kupitia mito kama Momba na Songwe, hadi Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji huingia, jua huyanyanyua, na madini hubaki. Ndiyo maana maji ya Rukwa yana alkali, na ndiyo maana bonde linalolizunguka ziwa, mwendo usiozidi siku moja kwa gari kutoka mashamba ya kahawa ya Mbozi, lina sehemu ambazo ukiangalia ardhi wakati wa kiangazi unaona ukoko mweupe. Ivuna, Wilaya ya Momba, watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kupata chumvi ya kula tangu zamani sana. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen, waliochapisha matokeo ya uchimbaji wao mwaka 1968, walionyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa imeshamiri pale kati ya karne ya 13 na ya 15. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una basi pande mbili za udongo: juu tindikali, chini chumvi na magadi. Na huko chini ndiko mpunga unakolimwa, Kamsamba na kandokando ya mto Momba, na ndiko watu wanakohamia kutafuta ardhi. Kwa hiyo swali la sura hii ni halali kwa mkoa huu, mradi liulizwe mahali pake.

Chumvi huudhuru mmea kwa hatua mbili, na ukizichanganya hutaelewa bakteria wanafanya nini. Hatua ya kwanza ni kiu. Maji yenye chumvi hushikiliwa na chumvi yenyewe, mizizi hushindwa kuyavuta, na mmea hunyauka ukiwa umesimama kwenye tope. Hili huanza saa chache tu baada ya chumvi kuizunguka mizizi. Hata Isansa isiyo na chumvi wanalijua: anayeweka mbolea ya chengachenga ikagusana na mbegu kwenye shimo moja, mvua ikachelewa, huona mbegu haioti au mche unatoka ukiwa na kingo za majani zilizoungua. Ile ni chumvi ya mbolea, na kanuni ni ileile. Hatua ya pili huja polepole, siku na wiki kadhaa baadaye: sodiamu na kloridi huingia ndani, hujikusanya kwenye majani ya zamani, huisukuma potasiamu mahali pake, na jani hufa kuanzia ncha. Mazao hayafanani katika kuvumilia haya. Katika jedwali ambalo Maas na Hoffman walilitoa mwaka 1977, na ambalo mabwana maji wa dunia nzima bado wanalitumia, maharage huanza kupungua mavuno chumvi ya udongo ikipita kipimo 1 tu cha desisimensi kwa mita, na kila kipimo kimoja kinachoongezeka hukata asilimia 19. Mpunga huanza kuumia kwenye 3, na mahindi kwenye 1.7, na yote mawili hupoteza asilimia 12 kwa kila kipimo. Shayiri hufika 8 ndipo ilalamike. Mtu wa Isansa akiteremka bondeni na mbegu ya maharage aliyoizoea nyumbani, amebeba mojawapo ya mazao laini kuliko yote mbele ya chumvi.

Sasa bakteria. Ndani ya gramu moja ya udongo wenye rutuba wanaweza kuwamo hadi bilioni moja, na wengi wao husongamana milimita chache kuzunguka mzizi, ambako mmea humwaga sukari na asidi. Wengine huila sukari hiyo bure. Wengine huilipia. Malipo yaliyochunguzwa zaidi kuhusu chumvi yanahusu ethilini, homoni ileile inayoivisha ndizi. Mmea ukipata msukosuko, wa chumvi au wa ukame, hutengeneza ethilini kwa wingi, na ethilini ikizidi huusimamisha mzizi usikue na huyazeesha majani kabla ya wakati. Mara nyingi, kwa maneno mengine, sehemu ya hasara haitoki kwa chumvi moja kwa moja. Inatoka kwa jinsi mmea unavyoipokea chumvi. Bernard Glick wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, walieleza mwaka 1998 kwamba baadhi ya bakteria wa mizizi wana kimeng'enya kinachokula malighafi ya ethilini, kinachoitwa kwa kifupi ACC, kabla haijawa ethilini. Bakteria hupata naitrojeni yake, mzizi hupata nafuu. Mwaka 2004 Mayak, Tirosh na Glick walichukua bakteria aina ya Achromobacter piechaudii kutoka kwenye mto mkavu wa Arava, kusini mwa Israeli, wakaipaka miche ya nyanya, kisha wakaimwagilia maji yenye chumvi iliyofika kama gramu 10 kwa lita. Miche yenye bakteria ilikuwa mizito kuliko isiyo nayo, na ilitoa ethilini kidogo. Lakini matokeo yaleyale yana sentensi ambayo wauzaji huiruka: kiasi cha sodiamu ndani ya mmea hakikupungua.

Hoja yangu yote imesimama juu ya sentensi hiyo. Wapo bakteria wengine wanaopunguza sodiamu inayoingia. Majaribio ya mwaka 2008 juu ya Bacillus subtilis aina ya GB03 yalionyesha kwamba mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, ukiwa karibu na bakteria huyo, hurekebisha mlango mmoja wa sodiamu kwenye mizizi na majani yake ili chumvi isirundikane. Wengine hutoa utando wa sukari nzito unaonasa sodiamu nje ya mzizi. Hata hivyo, katika njia zote hizi, sodiamu inayozuiwa isiingie kwenye mmea inabaki palepale udongoni. Tufanye hesabu. Chukua maji ya kumwagilia yenye nusu gramu tu ya chumvi kwa kila lita, maji ambayo mtu yeyote angeyaita mazuri na kuyanywa bila kukunja uso. Hekta moja ya mpunga ikitumia mita za ujazo 10,000 za maji hayo kwa msimu, imeletewa tani 5 za chumvi. Mpunga huvuta maji na kuiacha chumvi, jua huvuta maji na kuiacha chumvi, na wakati wa mavuno kinachobebwa na punje ni kiasi kidogo mno. Msimu wa pili zinakuja tani nyingine 5. Kama hakuna mfereji wa kutolea maji, na hakuna maji ya ziada ya kuisukuma chumvi chini ya mizizi na kuiondoa shambani, hakuna kiumbe chochote, kiwe bakteria, mmea au mtu, kitakachoizuia hesabu hiyo isijumlishwe. Historia ya umwagiliaji duniani imejaa mashamba yaliyokufa kwa hesabu hii ndogo, na mwaka 2024 shirika la FAO lilikadiria kwamba karibu hekta bilioni 1.4, zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya nchi kavu yote, tayari zimeathiriwa na chumvi.

Mtu atauliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini kujisumbua na bakteria? Swali ni zuri, na jibu lake liko kwenye kalenda ya shamba. Mpunga hauumizwi na chumvi sawasawa maisha yake yote. Huwa dhaifu sana ukiwa mche na tena unapochanua, na katikati hapo huwa mgumu kuliko watu wanavyodhani. Bonde kama la Rukwa lina kiangazi kirefu kinachoipandisha chumvi juu, kisha mvua inayoirudisha chini. Kuna majuma machache mwanzoni mwa msimu ambapo chumvi bado iko juu na mche umeshahamishiwa kwenye jaruba. Bakteria akiusaidia mche kuendelea kurefusha mizizi majuma hayo, hadi mvua ifanye kazi yake, amefanya jambo kubwa bila kuondoa hata punje moja ya chumvi. Vilevile katika shamba ambalo mifereji yake ni mizuri lakini maji yake si safi sana, chumvi hubaki katika kiwango cha kati, ambacho hakiui lakini kinapunguza, na hapo nafuu ya asilimia chache ni magunia. Nje ya hali hizo mbili, bakteria huwa wanaombwa wafanye kazi ya koleo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba mambo haya yote yanafanya kazi kwenye chungu na kushindwa shambani. Chungu cha maabara kina udongo uliochemshwa, bakteria mmoja aliyechaguliwa, na mtu wa kumwagilia. Shamba lina mabilioni ya wenyeji wasiotaka mgeni. Hapa kuna ushahidi wa pande mbili. Upande mmoja ni wa rizobia, wale bakteria wa vinundu vya mikunde. Brazili hulima soya karibu bila mbolea ya naitrojeni kwa sababu ya rizobia, na mwanasayansi Mariangela Hungria alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2025 kwa kazi hiyo. Afrika Mashariki nayo imo: Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza Biofix, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilikuwa na Nitrosua yake, na mradi wa N2Africa uliwafikia wakulima wengi wa maharage na soya. Soya huitikia vizuri kwa sababu udongo wetu mara nyingi hauna bakteria wanaoifaa, hivyo mgeni hukuta nyumba tupu. Maharage huitikia kwa kusuasua, kwa kuwa bakteria wake wenyeji tayari wamejaa, wazuri na wavivu pamoja. Lakini rizobia wana sifa moja ambayo bakteria wa chumvi hawana: unaweza kuwakagua kwa ukucha. Ng'oa mche wa maharage unaoanza kuchanua, osha mizizi, pasua kinundu. Kikiwa cha waridi au chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa kijivu au kijani, umelisha wavivu. Bakteria wa chumvi haachi alama kama hiyo. Mkulima hana cha kupasua, na kwa hiyo muuzaji hana cha kuogopa.

Upande wa pili ni wa wauzaji, nao wamekwishapimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Laetitia Herrmann na wenzake, uliotokana na mradi wa kukagua bidhaa za kibiolojia zinazouzwa Afrika, uliangalia bidhaa 65. Zaidi ya nusu zilikutwa zimechafuliwa na bakteria wasiotajwa, na karibu mbili katika kila tano hazikuwa kabisa na yule aliyeandikwa kwenye pakiti. Hizo zilikuwa bidhaa za aina zinazojulikana vizuri. Bidhaa za chumvi ni changa zaidi. Hata pakiti nzuri iliyotoka kiwandani ikiwa hai hupanda lori, hukaa kwenye duka la pembejeo lenye paa la bati, katika bonde lililo mita 800 tu juu ya bahari na lenye joto lake, miezi ikipita, na humfikia mkulima ikiwa na unga tu. Kisha kuna namna ya kutumia: mbegu hulowekwa kidogo kwa maji ya sukari au gamu ili unga ushike, huchanganywa kwenye beseni kivulini, hupandwa siku ileile, na haipaswi kuwa imepakwa dawa ya kuua ukungu. Anayeichanganya juani saa nne asubuhi na kuipanda kesho yake amewaua bakteria wake mwenyewe, halafu atasema, kwa haki kabisa kwa jinsi alivyoona, kwamba kitu hicho ni uongo. Ndiyo maana naona sharti la kwanza la bidhaa yoyote ya aina hii kuruhusiwa mkoani Songwe liwe tuta la kulinganishia, lisilotiwa bakteria, ndani ya shamba lilelile, udongo uleule, mbegu ileile. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, ina uwezo wa kisheria wa kudai ushahidi, na ushahidi unaotakiwa ni wa majaruba ya Momba, si wa nyanya za Arava.

Wapo pia watakaosema kwamba mbegu inatosha. Watafiti wa mpunga wa Tanzania wametoa aina zinazostahimili chumvi, zinazojulikana kwa jina la SATO, na mbegu ina faida ambayo bakteria hana: sifa yake iko ndani yake, haifi kwenye joto la dukani. Nakubali, na kama fedha ni za jambo moja tu, ziende kwenye mifereji kwanza na mbegu pili. Lakini mbegu inayostahimili nayo haiondoi chumvi, na mkulima anayeupenda mchele wake wa kunukia kwa sababu soko la Tunduma linaulipia hataiacha mbegu yake kwa urahisi. Bakteria, akiwa hai na akiwa anafaa, huambatana na mbegu yoyote.

Udongo wa magadi unahitaji kutajwa peke yake, maana huko ndiko fedha nyingi hupotea. Sodiamu ikizidi kwenye udongo wa mfinyanzi, chembe za mfinyanzi huachana, matundu huziba, maji hukaa juu yakiwa na rangi ya chai, na yakikauka huacha gamba gumu. Hapo bakteria hawana pa kupumua wala mizizi haina pa kupita. Tiba inayojulikana ni jasi, ambayo Tanzania inayo, Makanya na Itigi: kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu, kisha maji huiondoa sodiamu hiyo. Samadi na mboji husaidia kuufungua udongo. Makoi na Ndakidemi, katika kazi yao ya mwaka 2007 kuhusu udongo wa magadi wa kaskazini mwa Tanzania, waliegemea mno rasilimali kama hizo zinazopatikana papo hapo. Chokaa, ambayo ndiyo dawa ya Isansa na ambayo mawe yake yanachimbwa jirani tu, Songwe upande wa Mbeya, haisaidii chini kwenye magadi, kwa sababu haiyeyuki kwenye udongo wenye alkali. Jasi nayo haitapunguza tindikali ya Isansa. Vitu viwili vyeupe vya unga, mkoa mmoja, na ukivibadilisha mahali umetupa nauli ya lori. Maabara ya udongo ya TARI Uyole, Mbeya, inaweza kukwambia uko upande gani, na gharama ya kupima ni ndogo kuliko gunia moja la kitu kisichofaa.

Je, Isansa ibaki bila bakteria? Hapana, ila ichague wake. Kuna rizobia aitwaye CIAT 899, aliyetengwa Colombia kutoka kwenye maharage na kuainishwa mwaka 1991 ndani ya spishi Rhizobium tropici. Huyu huvumilia tindikali na alumini, mambo mawili yanayowashinda rizobia wengi, na huvumilia pia joto na chumvi ya kadiri. Kwa hiyo bakteria mmoja anaweza kufaa juu kwa sababu moja na chini kwa sababu nyingine. Hata hapo kuna mpaka: kwa kawaida rizobia huhimili chumvi nyingi kuliko maharage yenyewe, kwa hiyo bondeni anayekwama kwanza ni mmea, wala si bakteria. Juu, CIAT 899 akitanguliwa na chokaa kidogo na fosforasi ana kazi ya maana ya kufanya. Akirushwa peke yake kwenye udongo usio na fosforasi, vinundu havijazi, maana kutengeneza naitrojeni kunakula fosforasi nyingi.

Na bakteria wa chumvi wa kumfaa mkulima wa Momba wanapaswa kutafutwa wapi? Kama Arava, mto mkavu, ulitoa Achromobacter, sioni sababu ya kuagiza pakiti kutoka mbali wakati nyasi zinaota kandokando ya chemchemi za Ivuna, zimeota huko kizazi baada ya kizazi, na mizizi yake haiwezi kuwa peke yake. Bakteria waliozoea alkali na joto la bonde hilo wangeanza na faida ambayo mgeni hana. Ila kabla ya mtu yeyote kuteremka na chupa za sampuli, Kenya inatupa funzo lililokwishalipiwa. Viumbe wadogo wa maziwa ya magadi, Bogoria na Nakuru, walitoa vimeng'enya vilivyotumika viwandani ng'ambo, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai hadharani kwamba kampuni ya Genencor ilifaidika na rasilimali za Bogoria bila Kenya kupata stahili yake. Baadaye shirika hilo liliingia ushirikiano na kampuni nyingine, Novozymes, kwa masharti yaliyoandikwa. Momba inaweza kuanzia pale Bogoria ilipofikia: aina za bakteria zihifadhiwe nchini, Uyole au Sokoine, zijaribiwe kwanza kwa maji ya mto Momba na mpunga wa Kamsamba, na haki ya vijiji vyenye chemchemi iwe kwenye karatasi kabla sampuli ya kwanza haijatoka.